Jina Lisibanduliwe

Ilikuwa Jumanne, tarehe tisa Machi, saa saba na robo mchana, mng'arishaji wa duka la magari aliporudi kutoka kuswali akakuta turubai la gari jekundu likipanda na kushuka polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Madirisha ya duka yalikuwa yamefungwa. Feni ilikuwa imezimwa.

Magari ya toleo lile yalitengenezwa machache mno, na kila moja lilipewa jina lake peke yake, likachongwa kwenye kibao cha fedha mbele ya usukani. Jina la hili watengenezaji walilitoa katika kitabu cha kale, kwa kuwa liliwapendeza masikioni. Halitaandikwa hapa.

"Kaka, gari linapumua," mng'arishaji alinong'ona.

Kaka yake, dalali mwenye duka, akacheka. "Kwa bei ile, hata mimi ningepumua. Futa vumbi."

Ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Viti ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvikalia, maana tako moja tu hushusha bei, vilikutwa vina joto. Mng'arishaji akaanza kukohoa masizi. Mkewe akamleta shehe, naye akasimama mlangoni, akakataa kuingia.

"Kila mteja akija, mnamwita jini aliyemo humo kwa jina lake," shehe alisema. "Aliyeitwa huja. Bandueni kibao, msilitamke tena. Huyu mng'arishaji ndiye anayeligusa gari kila siku. Ataanza na huyu."

"Shehe, bila kibao hilo ni bati tu," dalali akajibu. "Wenye pesa hawanunui gari, wananunua jina. Nikilibandua, nusu ya bei imekwenda na maji."

"Shemeji, nakuomba," mke wa mng'arishaji akasema. "Ni mdogo wako, tumbo moja."

"Mpe dawa ya kikohozi. Mteja anakuja kesho."

Mng'arishaji alimtazama mkewe, kisha akachukua kitambaa chake. Hakuwahi kumkatalia kaka aliyemlea.

Kesho yake mchana alikuwa ndani ya gari, amevua viatu, anasugua kibao, mteja alipoingia. Dalali akalitaja jina. Mteja hakulisikia vizuri, akaomba alirudie, na dalali alipolirudia mlango wa gari ukajifunga wenyewe bila kishindo, vioo vikaingia ukungu kutoka ndani, harufu ile ikajaa duka zima hata mteja akarudi nyuma mpaka ukutani, dalali akavuta kitasa kwa mikono yote miwili huku akimwita mdogo wake, na katika ukungu ule kiganja cha mng'arishaji kikapiga kioo, kikafuata cha pili, kisha ukatokea mkono wa tatu, mrefu, wenye viwiko viwili, ukaikusanya mikono yake taratibu, kama mama anayemtuliza mtoto.

Mlango ulipofunguka alikuwa amekwisha kufa. Mdomo wake ulijaa masizi.

Msibani, watu wangali wamekaa mkekani, simu ya dalali ikalia. Akasogea dirishani, lakini mjane alimsikia.

"Hapana, gari silipunguzi bei," alisema kwa sauti ya chini. "Yale mengine hayana kisa kama hiki. Bei imepanda." Kisha, ili mteja asikosee, akalitamka jina.

Mkekani, mtu wa kwanza akaziba pua.

Ee Mola, mpokee mja wako, aliyekula jasho lake na asimdhulumu mtu. Lipanue kaburi lake, ulitie nuru, umlaze mahali ambapo jina lile halitamkwi. Amina.