Kumwagia Aliye Hai

Dorcas ni jirani yetu huku Ganda, na si mtu wa kuona vitu. Mwanamke aliyelea watoto na shamba la mihogo peke yake hana nafasi hiyo. Ndiyo maana nayaamini haya.

Ilikuwa Jumamosi mchana, jua kali. Binti yake, Kabibi, alikuwa amerudi likizo kutoka chuoni akiwa na rafiki yake Kyalo. Walitandika mkeka barazani wakacheza mchezo waliojifunza huko. Hauna ubao. Ni hadithi: Kyalo anaisimulia, mwenzake anajitungia shujaa wa kuingia ndani yake. Mambo yakiwa magumu hutupwa dadu lenye nyuso nyingi, na dadu ndilo linaloamua.

Dorcas alikuwa akifua uani. Jikoni, mavyaa wake, Hawe Kabibi, maana nyanya kwetu huitwa hawe, alikuwa akikuna nazi. Binti alipewa jina la nyanya yake, kama ilivyo desturi, na wawili hao waliitana somo.

"Shujaa wako anaitwa nani?" Kyalo aliuliza.

"Kabibi wa Kitsao."

Kicheko kikatoka jikoni, maana hilo lilikuwa jina la Hawe mwenyewe, pamoja na la babake. "Mwanipeleka vitani na magoti haya? Basi nipeni na panga, somo!"

Hadithi ikaendelea. Ndani ya pango, kitu ambacho Kyalo alikataa kukitaja kilimpiga Kabibi wa Kitsao, akaanguka, akapoteza fahamu.

"Hajafa," Kyalo alieleza. "Kila zamu unamtupia dadu. Kumi kwenda juu, amepata. Chini ya hapo, amekosa. Akikosa mara tatu, kwisha."

Kabibi akatupa. Nne.

"Amekosa! Wacha nimwage ya matanga kabisa." Kyalo akainamisha chupa ya soda, tone likaingia mchangani. "Kunywa, Kabibi wa Kitsao."

Dorcas aliinua kichwa kutoka kwenye karai. Huku kwetu wanaomwagiwa kinywaji ni koma, wale waliotangulia, nao huitwa vivyo hivyo, jina na la baba. Aliye hai hamwagiwi. Kyalo ni Mkamba, pengine kwao si hivyo, lakini Kabibi alijua, na alicheka. Dorcas alitaka kukemea. Nguo zilikuwa nyingi. Akaacha.

Kabibi akatupa tena. Saba.

Jikoni, mbuzi ya nazi ikapinduka, Hawe akaanguka nayo.

Hospitalini walimpima Hawe wakasema moyo mzima, damu nzuri, hata sukari hana. Wakamrudisha nyumbani. Alilala chali, macho nusu wazi, akipumua kama mtu anayesikiliza.

Kesho yake Dorcas alifagia baraza. Dadu lilikuwa bado mkekani. Fagio likaligusa, likabiringika.

Ndani, pumzi ikakatika.

Dorcas aliganda. Dadu likayumba, likasimama. Kumi na mbili. Pumzi ikarudi.

Hakupiga kelele. Alilifunika kwa sufuria pale pale lilipo, akampigia simu Kyalo, aliyekuwa ameondoka jana yake.

Kijana alifika, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Nipe sheria zako," Dorcas alisema. "Zote."

"Amekosa mbili, amepata moja," Kyalo alinong'ona. "Akifikisha tatu za kupata kabla hajakosa tena, hafi."

"Ataamka?"

"Hapana, Mama Kabibi. Atabaki hivyo tu."

"Basi nani humwamsha?"

"Mwenzake. Amfikie alipoanguka, amshike, amtibu. Lakini lazima naye awe ndani ya mchezo."

"Na kile kilichompiga kiko wapi?"

Kyalo alitazama chini. "Bado kimemsimamia."

Kabibi akaanza kulia, akasema ataingia yeye.

"Wewe umeshaingia kwa jina lake. Nyamaza." Dorcas alipangusa mikono kwa leso, akaketi. "Niweke mimi. Dorcas. Sitaki panga. Naenda kumchukua mtu wangu."

"Kumtibu pia ni kwa dadu. Ukikosa..."

"Nipe."

Akatupa. Dadu likazunguka mkekani. Kuku wakanyamaza. Minazi ikatulia. Kitu baridi kikamshika kifundo cha mkono. Kikakaza. Barazani hapakuwa na aliyesogea. Dorcas hakutazama. Hakuthubutu.

Kumi na nane.

Chumbani, mtu akakohoa.

"Somo," Hawe akaita. "Uji."

Jioni Dorcas alimlisha mwenyewe. Hawe alikunywa taratibu, macho yakiwa mlangoni.

"Palikuwa na giza, mkaza mwanangu. Nikakuona waja. Ukanivuta mkono."

"Kunywa, mama."

"Kile kitu kikaniuliza. Kikasema, nani huyu aninyang'anyaye?"

Kijiko kikasimama hewani.

"Ukakijibu?"

"Nalikuwa nimechoka, mwanangu." Sauti ya kikongwe ilishuka. "Nikakitajia jina lako. Kikataka na la babako. Nikakipa."

Dorcas alimfuta mdomo, akatoka, akalitumbukiza dadu chooni.

Hawe amepona. Asubuhi utamkuta shambani akipalilia, akiwatukana nyani. Kyalo hajarudi tena Ganda. Dorcas naye anafua, anapika, anauza mihogo yake kama kawaida, ila siku hizi huvaa blauzi za mikono mirefu, hata jua likiwa la kuunguza.

Juzi tulikuwa pamoja bombani. Alipoinua mtungi, mkono wa blauzi uliteleza. Juu ya kiwiko, karibu na bega, niliona alama za vidole, nyeusi kama masizi. Virefu. Vilizunguka mkono wote vikapita pale vilipoanzia.

Nikamuuliza kama zinauma.

"Haziumi," akasema, akivuta blauzi. Kisha akanionyesha kifundo cha mkono, ngozi safi kabisa. "Zilianza hapa."