Jiwe Wanalonywea Ndege

Ap Gyeltshen alikuwa amelala chali chini ya ukuta wa nyumba yake, joho limeloa umande, macho yakitazama juu kama mtu anayekadiria kama mvua itanyesha. Karibu na sikio lake palikuwa na jiwe lenye damu. Juu yake, kwenye paa la ghala, palikuwa na tundu la kupitisha ng'ombe.

"Kazi ya upepo hii, afande," alisema Koplo Tobgay huku akipiga miayo. "Umeng'oa vigae, jiwe likamshukia mzee. Tukiondoka sasa tutawahi chai mjini Jakar."

"Chai utakunywa ukimaliza kazi."

"Nilijua utasema hivyo. Ndiyo maana nimekuja na biskuti."

Inspekta Lhaki Zam alimpa mgongo. Ndiyo kwanza ametoka likizo ya uzazi, na alikuwa amemwachia mama yake mtoto akiwa bado analia. Lama, kasisi wa Kibudha, alikuwa akimsomea marehemu sala, na maiti haiguswi kabla lama hajamaliza. Basi Lhaki alisubiri. Kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akainua macho akalitazama paa.

Lilikuwa paa la vigae vya mbao, sawa na lile alilokulia chini yake. Paa la namna hiyo halina msumari hata mmoja. Vigae vinalaliana, juu yake zinalazwa fito, na juu ya fito mawe ya mtoni. Uzito wa mawe ndio unaoshika kila kitu. Kila baada ya miaka michache majirani hukusanyika, wakashusha mawe, wakageuza vigae upande wa pili visioze, kisha wakayarudisha mawe kwa kupokezana mkono kwa mkono. Hili lilikuwa limegeuzwa juzijuzi tu. Mbao zilikuwa bado za manjano.

"Jana upepo ulivuma kutoka wapi?" aliuliza.

"Kusini. Huku kwetu upepo unapanda na bonde, afande. Umesahau?"

"Sijasahau. Ndiyo maana nashangaa vigae vimeangukia kusini."

Tobgay alivitazama vile vigae chini ya ukuta. Akaacha kutafuna biskuti.

Lama alipofunga kitabu chake, Lhaki alipanda ngazi ya gogo. Nyumba ilikuwa na mabawa mawili, moja ghala na moja vyumba vya kulala, na paa moja limeyafunika yote. Tundu lilikuwa upande wa ghala. Upande wa kusini ukingo wake uliachwa ovyo. Lakini upande unaoelekea vyumbani, kila ufito ulikuwa umebanwa kwa mawe mawili mawili, yamepangwa yakapangika.

Alikaa pale juu muda mrefu, upepo ukimpepea nywele. Upepo ukishaingia chini ya kigae kimoja hauishii hapo. Utakunja paa zima kama mkeka. Mtu fulani alilijua hilo. Alifungua tundu, kisha akahakikisha halitaendelea.

"Chini ya upande ule analala nani?" aliuliza aliposhuka.

"Binti wa marehemu, Yeshi Lham, na mwanawe mchanga," alijibu Tobgay.

Aliyeiona maiti kwanza alikuwa mume wa Yeshi, Chencho, kijana mwenye mikono mikubwa ambaye hakujua aiweke wapi.

"Usiku ulikuwa wapi?"

"Zizi la juu. Ndama alikata kamba."

"Nani alikuona?"

"Ndama."

Tobgay alikohoa.

"Watu wanasema ulikuwa unagombana na baba mkwe wako."

"Nilitaka tuezeke bati. Yeye anasema bati ni la wavivu wa kubeba mawe. Tunagombana hivyo kila siku, na kila siku tunakula pamoja. Tulikuwa tunakula."

Uani, jirani mmoja mzee alikuwa akiwapitishia wafiwa chai ya siagi. Alikuwa Ap Sithar, mwembamba, mgongo umenyooka kama nguzo. Tobgay alimnong'oneza Lhaki kwamba mwaka jana, msimu kama huu, paa la mzee huyo liliruka na boriti ikamwua mjukuu wake wa kike. Binti yake, mama wa mtoto, alihamia mji mkuu, Thimphu, na tangu hapo hajaongea na baba yake.

"Mwacheni kijana," alisema Ap Sithar, akimpa Lhaki bakuli. "Ni upepo tu, mwanangu. Mimi naujua."

Jioni daktari alipiga simu.

"Pigo limetoka mbele, usawa wa mtu aliyesimama," alisema. "Halikutoka juu. Na hilo jiwe mliloniletea silo. Hilo limepakwa damu tu. Kidonda kina ukingo wa mviringo, kama mdomo wa bakuli."

Lhaki alimweleza mkuu wake yote: vigae vya kusini, kidonda, mawe yaliyobana upande wa mtoto. Alipomaliza, mkuu alikuwa ameshachukua kofia.

"Sasa unangoja nini? Nani mwingine angemwonea huruma huyo mtoto kama si baba yake? Kamkamate Chencho."

"Mkuu, nipe muda."

"Muda utaupata yeye akiwa ndani."

Chencho aliingia mahabusu bila kupinga, akivua viatu mlangoni kama anaingia kwa watu. Lhaki aligeuza uso. Angenyamaza, angesema ni upepo, kijana angelala kwake. Yeye ndiye aliyemfunga, kwa ushahidi wake mwenyewe. Basi yeye ndiye atakayemfungua, na hatapumzika kabla ya hapo.

Kesho yake Yeshi alifika kituoni na mtoto mgongoni na kikapu cha mianzi chenye chapati za mtama mweusi na jibini.

"Anaruhusiwa kula?"

"Anaruhusiwa. Kaa, mdogo wangu."

Mtoto aliangua kilio. Lhaki alihisi maziwa yakimtoka, akafunga koti haraka. Yeshi aliona, na kwa mara ya kwanza akakaribia kutabasamu.

"Wako ana miezi mingapi?"

"Mitano. Analala?"

"Alikuwa analala vizuri. Tangu baba afe, anakataa kunyamaza. Nilikuwa namtuliza kwa kumwonyesha ndege."

"Ndege gani?"

"Shomoro. Juu ya ghala, mbele ya dirisha letu, kulikuwa na jiwe lenye shimo katikati, kama la kusagia pilipili. Mvua ikinyesha linajaa, shomoro wanakuja kunywa. Jana nimempeleka dirishani, jiwe halipo. Nikasema limeanguka. Nimelitafuta uani kote, sijaliona. Dada, samahani, nakusumbua na mambo ya watoto."

Lhaki alikuwa ameshaweka kikombe chini. Mdomo wa bakuli.

"Jiwe hilo lilitoka wapi?"

"Baba alilileta, pamoja na mengine machache, baridi ya mwaka jana. Mawe yetu yalipasuka kwa barafu. Nilimwuliza ameyatoa wapi na mto umeganda. Akaniambia nikoroge uji."

"Majirani walikuwepo?"

"Majirani? Walikuwa wamehamia mabondeni na ng'ombe, kama kila mwaka. Sisi tu ndio tulibaki, mgongo wa baba ulikuwa unamsumbua."

Alfajiri ya siku iliyofuata ilinyesha mvua. Ilipokatika, Lhaki alimtoa Chencho mahabusu akampeleka kijijini na pingu zake, aonyeshe walivyofanya kazi siku ya kugeuza vigae.

"Mimi nilikuwa juu," alisema Chencho uani. "Nilikuwa napanga. Wanawake walikuwa chini wanainua. Ap Sithar alikuwa kwenye ngazi, katikati."

"Kwa hiyo kila jiwe lilipita mikononi mwake."

"Kila moja. Lile lenye shimo alilishika mpaka nikamtania. Nikamwambia, mzee, umelipakata kama mtoto, lete basi. Hakucheka. Na yeye huwa anacheka."

Tobgay alitafuta jiwe kando ya ukuta, kwenye majani yanayowasha, nyuma ya zizi. Alirudi mikono imevimba, akilaani kwa sauti ya chini kwa kuheshimu msiba.

"Halipo, afande. Ningekuwa muuaji ningelitupa mtoni."

"Hata mimi," alisema Lhaki, na hapo akawasikia ndege.

Walikuwa wakipiga kelele zile za asubuhi baada ya mvua. Hawakuwa kwenye paa hili. Ng'ambo ya shamba, kwenye ukingo wa paa la Ap Sithar, shomoro walikuwa wamejipanga juu ya ufito, wakishuka mmoja mmoja, wakiinamisha kichwa na kukiinua.

Lhaki alivuka shamba. Chencho na Tobgay wakamfuata bila kuuliza.

Ap Sithar alikuwa mlangoni kwake, akipasua gogo kwa kabari na nyundo. Vigae vipya vilikuwa vimerundikwa kando, vinanukia utomvu.

"Vya nani hivyo, Ap Sithar?"

"Vya kwa Gyeltshen. Tundu likikaa wazi, mtoto atapata baridi."

"Ndege wako wana kiu leo."

Nyundo ilisimama hewani. Mzee aliishusha taratibu, akaiweka chini, akaipanga sambamba na kabari.

"Una haki ya kukaa kimya," alisema Lhaki.

"Nimekaa kimya mwaka mzima, mwanangu. Kimya kinatosha." Alikaa juu ya gogo. "Hilo jiwe ni la marehemu mke wangu. Alisagia pilipili mpaka likachimbika. Alipofariki nililiweka pale pembeni mwa paa, mahali pa kuanzia upepo, kwa kuwa ndilo zito kuliko yote. Paa liliporuka sikuliona tena. Nikasema limefukiwa. Nikasema nililiweka vibaya. Zangmo, binti yangu, alinishika joho mbele ya watu akaniuliza, baba, uliyakagua mawe? Tulikuwa tumefika jioni ile ile kutoka mabondeni. Kulikuwa kumeshaingia giza, sikupanda. Nikamwambia, sikuyakagua. Akamfunga mtoto kwenye nguo, akaondoka."

"Mpaka siku ya kugeuza vigae."

"Likaja mikononi mwangu. Kwenye ngazi, linatoka kwenye paa la mtu mwingine. Nilimpa huyu kijana alipange. Ningefanya nini, watu wamejaa."

"Usiku wa upepo?"

"Upepo ulipopumzika, nilimwona Gyeltshen ametoka na tochi. Nikavuka. Jiwe lilikuwa limeteleza likaanguka uani. Nikaliokota nikamwonyesha. Nikamwuliza, ulilitoa wapi hili? Nilitaka aseme samahani tu. Angesema mgongo ulikuwa unamwuma, mto uliganda, alisahau kulirudisha. Ningempiga kofi, tungelia, ingekwisha." Mzee alijitazama viganja. "Akasema, jiwe tu hilo, Sithar, mto umejaa mawe. Nilikuwa bado nimelishika."

Chencho alikuwa amekodoa macho.

"Kisha ukapanda juu."

"Nikaangusha vigae, ionekane ni upepo. Nikaokota jiwe jingine njiani nikaliweka pale. Hili nikalirudisha mahali pake."

"Ungelitupa mtoni tusingekupata."

"Paa langu lilikuwa na pengo."

"Na mawe mawili mawili, upande wa chumbani?"

Ap Sithar alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini anapumua.

"Mtoto alikuwa amelala ndani," alisema. "Nilishuka mpaka nusu ya ngazi, nikasikia vigae vinagongana. Nikarudi juu."

Lhaki alichukua ufunguo akamfungua Chencho. Pingu zikahamia kwenye mikono ya mzee, naye akainyoosha mwenyewe, kama mtu anayesaidiwa kuvaa joho.

"Hilo la kijana kulala ndani kwa ajili yangu," alisema kwa sauti ndogo, "ningekuja, mwanangu. Nilitaka kwanza nizibe tundu."

"Najua."

"Una simu?"

Alikuwa na namba ya Zangmo kichwani, ingawa haikupokelewa tangu mwaka jana. Lhaki alipiga kwa simu yake mwenyewe, akajitambulisha kwa cheo, kisha akamwekea mzee sikioni.

"Zangmo," alisema Ap Sithar. "Usikate. Nimeua mtu, na polisi yupo hapa. Sikupigii kwa hilo. Mawe niliyaweka vizuri, mama. Kabla ya kuhama niliyaweka yote. Nilikuwa nimeyaweka vizuri."

Upande wa pili hapakusikika kitu. Lakini simu haikukatwa. Ilibaki sikioni mwa mzee, mkono wa Lhaki ukianza kufa ganzi, mpaka sauti ya mwanamke ikasema, "Baba," na mzee akainamisha uso kwenye joho lake.

Tobgay alipanda juu akashusha jiwe, akalifunga kwenye turubai kama kielelezo. Shomoro waliruka, wakatua tena, wakalitafuta. Kwenye ukingo wa paa lilibaki pengo, na ufito mmoja ukaanza kucheza. Ulikuwa wakati ule wa mchana ambapo upepo unaanza kupanda na bonde.

"Twende, afande," alisema Tobgay. "Gari linangoja. Na mwanao anakungoja."

Lhaki alikuwa akilitazama pengo. Nyumba ile haingekuwa na mtu ndani tena, pengine kwa miaka. Hata hivyo alivua koti la kazi, akaenda kwenye ukuta wa shamba, akaanza kung'oa jiwe.

Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Alipolifikisha usawa wa kiuno, mikono mingine mikubwa ililipokea. Chencho hakumtazama yeye wala mzee. Alilitwika begani, akapanda ngazi ya mtu aliyemwua baba mkwe wake, akaliweka pembeni, mahali pa kuanzia upepo. Alilitikisa, halikucheza. Akalitikisa tena kwa mikono yote miwili.

"Lete lingine," alisema kutoka juu.