Jicho la Kushoto la Baba

Kila akitoka shule, msichana mmoja alivua sare na kuketi sakafuni katika karakana ya baba yake, akaanza kuchambua pamba. Baba alikuwa fundi magodoro. Godoro kuukuu lilifumuliwa, pamba yake ikachambuliwa kwa vidole mpaka ikalainika, kisha likashonwa upya. Vumbi lilielea chumbani kutwa nzima, na macho ya msichana yakamwasha. Aliyafikicha kwa vifundo vya vidole, kwa nguvu, mpaka akaona vimulimuli. Ndiyo maana wakambandika jina la Fikicha.

"Fikicha, utayang'oa hayo macho," mama alimtania. "Mengine tutayapata duka gani?"

Wakacheka, naye akacheka huku akiendelea kufikicha.

Kisha herufi za ubaoni zikaanza kuota vivuli. Baba akampeleka kliniki ya macho. Daktari, mama mmoja mpole, aliuliza, "Katika ukoo wenu kuna mtu ambaye macho yake yaliharibika tangu ujana?"

"Hakuna," baba akajibu.

Fikicha alimtazama. Baba huyuhuyu aligeuza shingo ili aone mshono kwa jicho la kulia, maana la kushoto lilikuwa na ukungu tangu akiwa kijana. Lakini alikwisha kuwaonya nyumbani: "Haya yasitoke nje. Nani atamletea godoro fundi asiyeona?"

"Na wewe, binti, unayafikicha macho?" daktari akamgeukia.

"Mara mojamoja tu," akasema, kwa kuwa alijua angegombezwa.

Akapewa miwani. Baada ya miezi michache ikabadilishwa, kisha ikabadilishwa tena. Darasani wenzake walimwita Bibi Kizee. Nyumbani baba alikuja juu. "Hii miwani ya tatu, na bado unasema huoni. Sema tu kama hutaki kusoma."

Fikicha alikwenda kulilia uani, akayafikicha macho kuliko siku zote.

Asubuhi moja sabuni ilimwingia jicho la kulia, akalifumba. Mama alikuwa amesimama mbele yake, lakini kwa jicho la kushoto uso wake haukuonekana. Palikuwa na doa tu lenye sauti ya mama.

Wakarudi kliniki mbio. Safari hii daktari alimpima kwa mashine nyingine. "Baba, nakuuliza tena. Kwenye ukoo, hakuna kabisa?"

"Nilishasema, daktari. Hak—"

"Baba," Fikicha alisema kwa sauti ndogo, "lile jicho lako la kushoto." Kisha akamgeukia daktari. "Na mimi nilikudanganya. Nayafikicha kila siku."

Baba aliinamisha kichwa.

Daktari akawaeleza taratibu. Kioo cha mbele cha jicho kilikuwa kimekonda na kuchongoka kama koni. Ugonjwa huo huweza kufuata ukoo. Vumbi huwasha macho ya watu wenye mzio, na kuyafikicha huzidisha madhara, tena kwa watoto ugonjwa huenda mbio. Jicho la kulia lingetibiwa kwa dawa na mwanga wa kukaza kioo, lisiharibike zaidi. La kushoto lilikwisha kupata kovu.

"Kama ningesema siku ile?" baba aliuliza.

"Ningempima hivi mapema. Huenda tungeyawahi yote mawili."

Jicho la kulia likatibiwa, likatulia. Fikicha akakatazwa kuingia karakana, na macho yakiwasha alitiwa dawa ya matone na kukandwa kwa kitambaa cha maji baridi. Mdogo wake wa kike naye akapelekwa kupimwa, akakutwa salama. Baba aliwaambia wateja ukweli. Wawili watatu walihamia kwa fundi mwingine, waliobaki walisema walijua zamani.

Jioni moja baba alikuja kuketi karibu na binti yake.

"Niliogopa watu wasije wakajua kwamba sioni, nikakuponza wewe," alisema. "Mwanangu, ukiulizwa na daktari, sema yote, hata la aibu. Aibu yangu watu wameisahau. Jicho lako halirudi."

"Nimesikia, baba."

Baba alingoja, labda aambiwe kwamba amesamehewa. Fikicha alitaka kusema hivyo, lakini siku hiyo neno halikutoka.