Kona ya Kibosho Ilimfungua Calvin Mdomo

"Calvin, punguza mwendo!"

"Nimebana breki zote mbili, Dora. Hazishiki!"

"Washa injini basi!"

"Betri imekufa, mpaka nisimame nipige kiki!"

Mchumba wangu huyu, kwa ubahili wake, akishuka Kibosho kwenda Moshi mjini huzima skuta ili asichome mafuta. Vijana wengi wa kwetu wanafanya hivyo, na nilishamkataza mpaka nikachoka. Sasa breki zinanuka moto, migomba inapita mbio pembeni, na mbele yetu ile kona yenye korongo. Nilimkumbatia mpaka kucha zikamwingia tumboni.

"Yesu na Maria! Tunakufa!"

"Dora, nisamehe!"

"Nikusamehe nini? Shika usukani!"

"Magdalena ni mwanangu! Mtoto wa Salvina ni wangu!"

Jamani! Salvina ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Magdalena nilimbeba mwenyewe kanisani, mimi ndiye mama yake wa ubatizo. Baba yake tuliambiwa yuko Arusha kikazi.

"Umesema nini wewe?"

Kabla ya kona alikata kushoto, tukaingia kwenye kihamba, shamba la migomba la watu, skuta ikagonga mgomba, mimi nikarushwa juu ya majani makavu. Nikajipapasa mwili mzima. Nilikuwa hai. Calvin naye akainuka, damu puani, anacheka kicheko cha woga.

"Tumepona, mpenzi!"

"Rudia ulichosema."

"Kipi? Aah, yale... Mtu akiona kifo anaropoka tu."

Nikatoa simu. Kioo kimepasuka lakini inawaka. Nikaandika: "Salvina, Magdalena ni wa Calvin?"

Nilitamani aniite kichaa, hata anitukane. Ile simu niliiogopa kuliko korongo. Ikalia, ujumbe wa Salvina.

"Nani kakwambia?"

Nikakaa palepale chini, nikalia kama mtoto.

Jumapili iliyofuata Calvin alikuja nyumbani na mjomba wake, mkononi kashika jani la isale lililofungwa fundo. Kwetu Wachagga, aliyekukosea akikuletea isale humnyimi msamaha, hata kama kakuulia ndugu. Mjanja huyu alijua anachofanya.

"Shikamoo, baba," alimwamkia baba yangu, mzee Sirili.

"Marahaba. Mwenye neno ni huyo hapo."

Calvin akanipigia magoti.

"Dora, niliogopa kukupoteza. Pokea."

Baba akaninong'oneza, "Mwanangu, isale halikataliwi."

Nilikuwa bado nampenda, nisidanganye. Hicho ndicho kilichonitisha. Niliona kabisa ninavyoweza kuolewa na mwongo huku najua. Nikapokea jani kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, Calvin. Toka moyoni."

Mjomba akapiga makofi. "Basi harusi iko palepale!"

"Hapana, mjomba. Isale huomba msamaha, na msamaha nimetoa. Ndoa haliombi."

Nikavua pete, nikaiweka kiganjani mwa Calvin.

"Dora, tafadhali..."

"Magdalena ameanza kutembea, na hajawahi kubebwa na baba yake. Nenda."