Nyuki wa Uani

Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, mama mmoja mshonaji alifagia ua wa nyumba yake mpaka ukang'aa. Majirani walimwita Mama Usafi. Majani makavu yote aliyachoma. Akimwona chura, alimsindikiza kwa fagio mpaka nje ya lango. Kisha alichukua bomba la dawa ya wadudu akapulizia maboga yake, majani na maua.

Maboga yalikuwa yametambaa mpaka ukutani. Yalitoa maua makubwa ya manjano. Lakini kila kiboga kilipofika ukubwa wa yai, kilibadilika rangi, kikaanguka.

Mumewe alikuwa fundi mwashi. Jioni moja alisimama uani, mikono kiunoni.

"Mke wangu, hii ni bustani ya kupigia picha. Miezi mitatu sijaonja boga. Namwaga zege hapa, nipate pa kufyatulia matofali."

"Nipe muda, baba watoto."

"Wiki nne. Zaidi ya hapo tusilaumiane."

Kila siku Mama Usafi alishona kutwa nzima akitazama ukuta. Akiinua macho dirishani, kijani kile ndicho kilichompumzisha. Zege lingempumzisha nani?

Asubuhi iliyofuata jirani yake alikuja kuchukua sketi aliyoshonewa. Dada huyo alifanya kazi kwenye kitalu cha miche. Alimkuta Mama Usafi ameshika bomba.

"Subiri kidogo, dada. Namalizia kupulizia."

"Kabla hujamalizia, hebu sikiliza."

Wakanyamaza wote wawili.

"Mbona sisikii kitu?"

"Ndiyo shida yenyewe. Maua yote haya, hata nyuki mmoja havumi."

"Si afadhali? Nyuki kazi yake kuuma watu."

Jirani akainama. "Tazama. Ua hili lina kikonyo chembamba. Ni dume. Hili lina kiboga nyuma yake. Ni jike. Unga wa ua dume lazima ufike kwenye ua jike. Maua hayana miguu, kwa hiyo nyuki ndiye anayeubeba. Asipokuja, kiboga kinaanguka."

"Na mimi namkaribisha kwa sumu."

"Tena asubuhi, saa ambayo ua limefunguka."

Mama Usafi aliweka bomba chini. "Wadudu wakila majani je?"

"Chura anawala. Wewe mlinzi wa bure unamfukuza."

"Yule mwenye macho yale?"

"Hajakuomba umbusu. Mwachie kona moja yenye majani makavu. Acha mrehani wako utoe maua, nyuki wanaupenda. Weka maji kwenye sahani yenye mawe, nyuki asimame anywe. Ila maji ubadilishe kila siku, usije ukafuga mbu."

"Nyuki wakichelewa?"

"Fanya kazi yao mwenyewe." Akachuma ua dume, akaondoa petali, akaligusisha ndani ya ua jike. "Hivi. Kila asubuhi."

Mama Usafi alifuata yote. Kugusisha maua kulikuwa rahisi. Kuiacha ile kona bila kuifagia ndiko kulikomtesa. Mara mbili alinyakua fagio, mara mbili akalirudisha. Wiki ya pili, akiwa anashona, alisikia mvumo. Alisimamisha cherehani. Nyuki wawili walikuwa ndani ya ua moja, wamejaa unga miguuni.

Wiki ya nne ilipokwisha, mumewe aliingia uani na tepu ya kupimia. Mama Usafi alibaki dirishani, uzi mdomoni; mara mbili ulikuwa umekataa kuingia kwenye sindano. Mume alivuta tepu hatua tatu, akasimama.

"Mama watoto, kuna boga limekaa kwenye mstari wangu. Kubwa kama kichwa."

"Basi sogeza mstari."

Akafunua majani. "Na hapa lingine. Na haya madogo matatu." Akakunja tepu. "Matofali nitafyatulia kule mbele."

Nyuki akampita sikioni. Mume akaruka.

"Huyu hatakuja kuniuma?"

"Usirushe mikono. Ana kazi nyingi, hana nafasi na wewe."

Mama Usafi alishusha pumzi ndefu. Akautoa uzi mdomoni, akautunga kwenye sindano, na mara hii ukaingia bila kumsumbua.