Kikao Ambacho Hakikufanyika

Fundi Randa alikuwa seremala. Wateja walimwita hivyo kwa sababu ya randa yake, ambayo hakumwazima mtu yeyote. Karakana yake ilikuwa uani kwake. Upande mmoja yeye alikata mbao na kuunda viti. Upande wa pili mkewe alishona mito ya viti hivyo kwa cherehani. Kutwa walifanya kazi wakitaniana. Mume alidai kwamba viti vyao vinapendwa kwa sababu ya mbao. Mke alijibu kwamba hajawahi kuona mtu anayekalia mbao kwa hiari yake.

Fundi Randa alikuwa na mdogo wake wa kike, kitinda mimba wa mama yao. Ndugu na jirani wote walimwita Kitinda. Wazazi wao walikuwa wamekwisha kufariki, kwa hiyo kaka ndiye aliyesimamia ndoa yake. Kitinda alipamba keki katika duka la mikate. Alikuwa na binti mdogo ambaye hajaanza shule.

Mume wa Kitinda alifundisha watu kuendesha magari. Wanafunzi wake walimpa jina la Taratibu, kwa kuwa hilo ndilo neno alilowaambia siku nzima. Mwanafunzi akigonga nguzo, taratibu. Gari likizima katikati ya makutano na watu wakapiga honi, taratibu. Watu walisema kwamba mwenye subira kama yeye hajazaliwa.

Nyumbani subira hiyo ilikwisha.

Fundi Randa alikuwa na habari. Mara mbili Kitinda alikimbilia kwake akiwa amepigwa. Mara zote mbili kaka mtu aliitisha kikao cha familia. Watu wazima wa pande zote mbili walikaa sebuleni. Taratibu aliinamisha kichwa akaomba radhi. Kitinda aliambiwa asamehe, na kwamba vikombe vikiwa pamoja havikosi kugongana. Wakanywa chai. Kisha Fundi Randa akamrudisha dada yake mwenyewe hadi mlangoni kwa mumewe, akarudi kazini na moyo mweupe. Aliamini kwamba ameokoa nyumba.

Asubuhi moja Kitinda alikuja tena karakanani, amemshika binti yake mkono. Ilikuwa siku ya joto, lakini alikuwa amejifunga mtandio shingoni. Alisalimia kwa sauti iliyokwaruza. Kaka yake alipomuuliza, alisema ana mafua.

Mke wa Fundi Randa alisimamisha cherehani. Alimpa mtoto vipande vya vitambaa achezee, kisha akamsogelea wifi yake.

"Wifi, mafua hayaogopi jua," alisema. "Nionyeshe shingo."

Kitinda alifungua mtandio. Shingoni palikuwa na alama nyekundu, na kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba. Alieleza kwa maneno machache. Shati halikupigwa pasi vizuri. Taratibu alimsokota mkono, kisha akamkaba koo mpaka macho yakaona giza. Kuna jambo jingine lilitokea baada ya hapo, lakini hakuweza kulisema mbele ya kaka yake.

Fundi Randa alifuta vumbi la mbao mikononi, akachukua simu. Alisema atawaita watu wakae kikao, na safari hii atamsema shemeji yake bila kumwonea haya. Akaongeza kwamba ndoa ni uvumilivu, na mvumilivu hula mbivu.

"Hula mbivu akiwa hai," mkewe alisema. "Aliyezikwa hali kitu."

Kitinda alimtazama kaka yake. Hakulia.

"Kaka, vile vikao vyako," alisema. "Kila neno nililosema pale sebuleni, nililipia nyumbani. Nikirudi alikuwa ananiuliza, ulisema nini mbele ya watu? Rudia. Na kila nikirudia, kofi. Naomba usiite kikao."

Fundi Randa akaiweka simu juu ya ubao.

Mtaa wa pili kulikuwa na mwanamke aliyeitwa Mama Miwani. Alikuwa na jozi mbili za miwani, moja usoni na moja kichwani, na kila mara alikuwa akitafuta mojawapo. Alifanya kazi katika shirika linalowasaidia watu waliopigwa au kubakwa. Kazini aliitwa mtetezi. Baadhi ya wanaume wa mtaa waliliita shirika hilo wavunja ndoa. Fundi Randa mwenyewe alikuwa amelicheka jina hilo zaidi ya mara moja. Mkewe alimuuliza Kitinda kama anaruhusu Mama Miwani aitwe. Kitinda alitikisa kichwa kukubali.

Mama Miwani alipofika hakuuliza nani mwenye makosa. Alimsalimia kila mtu, akamuuliza Kitinda kama anapenda wazungumze wawili tu. Kitinda alipenda hivyo. Fundi Randa alijikuta yuko nje ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, na hakufurahi. Alirudi kwenye ubao wake, akaupiga randa mpaka ukawa mwembamba usiofaa kitu.

Ndani, Kitinda alilisema lile alilolificha. Baada ya kumkaba, mume wake alimwingilia kwa nguvu. Alisema kwa aibu. Akauliza kama ni kosa kulalamika, maana yule ni mumewe.

"Si kosa," Mama Miwani alisema. "Ulisema hapana. Hapana ni hapana hata ndani ya ndoa. Aibu hii si yako, mwanangu. Mwenye kuibeba ni aliyetenda."

Kisha akamweleza mambo kwa utaratibu. Kwanza, kukabwa koo ni hatari kuliko kunavyoonekana. Mtu anaweza kuwa hana alama kubwa nje, lakini ndani koo limeumia, likaendelea kuvimba saa nyingi baadaye. Sauti kukwaruza, kumeza kwa taabu na kizunguzungu ni dalili za kwenda hospitali mara moja. Pili, mtu aliyeingiliwa kwa nguvu hupewa dawa za kumkinga na Ukimwi na magonjwa mengine, na pia za kuzuia mimba. Dawa hizo zinatakiwa mapema. Siku tatu zikipita, ile ya Ukimwi haianzishwi tena. Tatu, nguo alizovaa wakati huo zisifuliwe. Zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu plastiki huzitia unyevunyevu zikaharibika.

Kitinda alisema ameshaoga. Mama Miwani alimwambia asijilaumu, watu wengi huoga, na daktari bado ana kazi ya kufanya.

"Na polisi?" Kitinda aliuliza.

"Hilo utaamua wewe. Nitakueleza faida na taabu zake, lakini sitakuamulia. Umeamuliwa mambo mengi mno. Leo tuanze na koo lako."

Walikwenda hospitali, Kitinda, wifi yake na Mama Miwani. Mtoto alibaki na mjomba. Pale mapokezi watu walikuwa wengi. Mama Miwani alizungumza na muuguzi kwa sauti ya chini, na Kitinda akapelekwa chumba cha pembeni, asilazimike kueleza habari zake mbele ya foleni. Daktari alimpima koo na kumpiga picha ya mkono. Mfupa ulikuwa na ufa. Alifungwa plasta, akapewa dawa, na majeraha yake yakaandikwa yote. Kabla ya kila kipimo daktari alimweleza anataka kufanya nini, akasubiri akubali. Kitinda alisema baadaye kwamba tangu aolewe hakuna aliyekuwa akisubiri jibu lake.

Akiwa kitandani aliamua kushitaki. Mama Miwani alimpeleka polisi, akaomba askari wa kike na chumba chenye mlango. Alikaa pembeni. Hakumsemea. Kitinda alipokwama, alimpa maji, akamwambia apumzike.

Jioni walirudi kumchukua mtoto, na Mama Miwani akamwita Fundi Randa pembeni. Alimweleza kwamba dada yake na mtoto watakaa mahali salama pa shirika, na kwamba hata yeye hataambiwa ni wapi.

Fundi Randa alikasirika. Alisema yeye ndiye kaka, ndiye baba, ndiye mama.

"Najua," Mama Miwani alisema. "Lakini siku hizi ndizo za hatari zaidi. Mwanamume wa namna hii akiona mke anaondoka, ndipo anapofanya makubwa. Na ameshafika shingoni. Mahali pa kwanza atakapokuja kuuliza ni hapa kwako. Usilolijua halitakuponyoka."

Fundi Randa aliuliza sasa kazi yake ni ipi. Mama Miwani alimwambia amwamini dada yake bila kumhoji, asimwambie mtu yeyote habari zake, na asimwahidi Taratibu lolote. Fundi Randa aliona hizo ni kazi ndogo. Hakujua ugumu wake.

Taratibu alikuja baada ya siku chache, akiwa nje kwa dhamana. Alikuja karakanani mchana, wateja wakiwapo, amebeba mfuko wa matunda kwa ajili ya mtoto. Alizungumza kwa upole wake uleule. Alikiri kwamba alikosea, hasira zilimpanda, shetani alimpitia. Machozi yalimtoka. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua kabati alisikitika, akamwambia Fundi Randa kwamba mwanamume anayelia mbele ya watu amejuta kweli, na kwamba wakae wayamalize kifamilia. Taratibu alisema hana neno, hata kikao kifanyike leo hii. Alichotaka ni kujua mkewe yuko wapi, ampelekee nguo za mtoto.

Fundi Randa alihisi ulimi unamwasha. Neno la kikao lilikuwa limemfika mdomoni. Aliyaona machozi ya shemeji yake, na yalikuwa machozi ya kweli. Lakini aliikumbuka ile plasta mkononi mwa dada yake.

"Shemeji, sijui alipo," alisema. "Na ningejua, nisingekwambia. Kikao sitaita."

Taratibu alifuta machozi. Aliwasubiri wateja watoke. Kisha akamsogelea, akasema polepole, bila kupandisha sauti.

"Basi mfikishie salamu. Mwambie safari hii sitaachia katikati."

Aliuacha mfuko wa matunda juu ya ubao, akaaga vizuri, akaondoka.

Fundi Randa alikaa chini. Kwa miaka yote aliyomjua shemeji yake, hakuwahi kuisikia sauti ile. Dada yake alikuwa akiisikia kila siku. Mkewe alitoka ndani akamuuliza kuna nini. Alirudia maneno yale neno kwa neno. Mkewe alisema yasikae hapa ndani. Siku hiyo hiyo wakampigia simu Mama Miwani, na Fundi Randa akaenda polisi kutoa ushahidi wake.

Siku ya mahakama ilipofika, Kitinda alikuwa na wakili wa shirika, ambaye hakumlipisha. Kabla ya hapo Mama Miwani alikuwa amempeleka kwenye chumba cha mahakama kikiwa kitupu. Alimwonyesha atakaposimama, hakimu atakapokaa, na mlango atakaoingilia mumewe. Kwa hiyo chumba hakikumtisha. Kilichomtisha ni Taratibu mwenyewe, aliyekuja amevaa suti na kutabasamu. Mama Miwani alikaa kwenye benchi mahali ambapo Kitinda angeweza kumwona. Alikuwa amevaa miwani zote mbili usoni kwa kusahau. Kitinda alikaribia kucheka, na hilo likamsaidia kuanza kusema.

Daktari alieleza aliyoyaona. Fundi Randa alirudia ile salamu. Hakimu alitoa amri ya kumlinda Kitinda. Taratibu hakuruhusiwa kumkaribia, kumpigia simu, wala kufika kazini kwake au alipo mtoto. Akivunja amri hiyo atakamatwa. Kesi ya kupiga na kubaka iliendelea, na ilichukua muda. Mwishowe alifungwa.

Si kila mtu alifurahi. Ndugu wa Taratibu waliacha kumsalimia Fundi Randa. Yule mteja wa kabati alihamia kwa seremala mwingine. Kuna waliosema kwamba dada mtu ameshindwa ndoa. Fundi Randa hakubishana nao. Siku moja kijana aliyeleta mbao alipotaja wavunja ndoa kwa mzaha, alimjibu kwamba hii iliyovunjika ilivunjwa na mikono ya mtu, na mikono hiyo anaijua. Akaendelea kupiga msasa.

Kitinda alikodi chumba karibu na duka la mikate. Mkono ulipopona alirudi kupamba keki. Mwanzoni maua yake ya sukari yalipinda, kwa sababu vidole vilikuwa vizito. Alihudhuria mikutano ya shirika, ambako wanawake wengine, na hata mwanamume mmoja, walisimulia yaliyowapata. Kulikuwa na siku nzuri na siku mbaya. Mlango ukigongwa ghafla, bado alishituka.

Siku moja ya mapumziko Fundi Randa na mkewe walikwenda kumtembelea. Waliketi kwenye mkeka, wakala mkate na chai. Mtoto alinyanyua kikombe chake kwa mikono miwili, kikamponyoka. Chai ikamwagika mkekani na kwenye suruali mpya ya mjomba wake.

Wakubwa wote watatu waliweka vikombe chini. Kitinda alikuwa amewasimulia kwamba zamani, kitu kikianguka ndani ya nyumba, binti yake alikuwa akikimbilia chini ya kitanda, na hakutoka hata akiitwa.

Mtoto aliitazama chai. Akamtazama mama yake. Kisha akainuka, akachukua kitambaa kilichotundikwa msumarini, akarudi nacho.

"Mjomba," alisema, "sogeza mguu nifute."

Fundi Randa akasogeza mguu.