Aliyeitika Jina la Mwenze

Harufu ilianza jikoni, Jumapili ya baridi, Sephora akiwa anasonga bukari, ugali wa kwao. Ilikuwa harufu ya mafuta ya nyonyo yanayoungua, yale ambayo wanawake wa Matonge, mtaa wa Wakongo mjini Brussels, hupaka nywele na kuyaita ricin. Alizima jiko. Akanusa sufuria, akanusa taulo, akaenda bafuni kutazama kama kuna pasi ya nywele iliyosahauliwa. Hakuna kitu. Chupa yake ya ricin ilikuwa imefungwa, tena baridi.

"Ni nani anaunguza ricin humu?" aliuliza akiwa mlangoni pa sebule.

Wazee watatu walikuwa wamenyamaza. Tangu watoke kanisani walikuwa wakipiga kelele, na kunyamaza kwao kulimkera kuliko zile kelele.

"Endelea kupika, mama," alisema baba yake, Papa Mukendi. "Ni majirani."

Jirani alikuwa bibi mmoja wa Kibelgiji anayekula supu ya pakiti. Tangu lini anaunguza ricin? Lakini mtoto habishani na baba mbele ya wageni, na hapo ndipo shetani alipoachiwa mlango wazi.

Wazee wale, Mukendi, Donatien na Numbi, walikuwa zamani waendesha spidwe kule Likasi, Katanga, nchini Kongo, enzi ambazo kampuni ya shaba ilikuwa na pesa ya kuchezea. Spidwe ni mashindano ya pikipiki kwenye njia ya duara, majivu meusi ya tanuri la shaba, waendeshaji wanne, daima kwa kushoto. Pikipiki hazina breki. Kwenye kona mguu wa kushoto unaburuzwa chini, na ule mguu umevishwa kiatu cha chuma. Injini zilinyweshwa mafuta ya nyonyo, na mji mzima ulinuka Jumapili jioni.

Sasa walikuwa Brussels, magoti yameisha, na kila Jumapili walikuja nyumbani kwa Mukendi, Koekelberg, ghorofa ya tatu mbele ya basilika, lile kanisa kubwa lenye kuba, kunywa bia na kutengeneza upya ujana wao. Donatien alikuwa hajawahi kuanguka, kumbe kila mtu anajua mkono wake ulivunjika mara ngapi. Numbi alipendwa na wasichana wote wa Likasi. Wasichana hao hakuna aliyewahi kuhojiwa.

Na walikuwa na desturi yao. Kule uwanjani, kabla ya kamba ya kuanzia kuinuliwa, kamisaa wa mashindano aliita majina manne, na kila mwendeshaji aliitika "Niko." Basi sebuleni Mukendi alijifanya kamisaa. Aliita Donatien, Donatien akaitika. Aliita Numbi. Alijiita mwenyewe. Kisha aliita Mwenze, rafiki yao aliyekufa kwenye kona ya pili, na hapo walinyamaza, wakitazama kiti cha nne ambacho hakuna mtu aliyeruhusiwa kukikalia. Kumwita maiti kila wiki ili bia iwe tamu zaidi: hiyo ndiyo waliita heshima.

Jumapili ile Dady, mume wa Sephora, aliingia ameloa. Alikuwa anapeleka pizza kwa skuta. Kiti cha nne kilikuwa karibu na redieta, akakikalia. Mukendi alikuwa tayari ameanza kuita, akamaliza bila kutazama: "Mwenze?"

Dady alitaka kumchekesha baba mkwe. "Niko," alisema.

Ndiyo dakika ambayo mafuta yalianza kunuka. Wazee walijua. Mtu mzima mwenye haya angesimama na kusema, kijana, futa neno lako. Wao walimmiminia bia.

Wiki ile ngazi za jengo zilianza kukwaruzwa. Krrr, chuma juu ya jiwe, kutoka chini hadi mlangoni kwao, halafu kimya, halafu Dady anafungua mlango na kuingia na raba zake za kawaida. Soli ya raba ya kushoto ilikuwa imelika mpaka soksi inaonekana. Alinunua nyingine, nayo ikalika.

"Unaburuza mguu juu ya nini?" Sephora aliuliza.

"Siburuzi."

Bosi wake alipiga simu kulalamika kwamba pizza zinafika zimepoa. Dady alikuwa hakunji tena kulia. Akitaka kwenda kulia, alizunguka mtaa mzima kwa kushoto, mara ya kwanza, ya pili, mpaka aangukie alikokuwa anakwenda. Alipoulizwa alisema ndiyo njia ya karibu, na alisema kwa hasira isiyokuwa yake, kwa maana Dady alikuwa mtu wa utani, mtu aliyeomba msamaha hata kwa meza akiigonga.

Halafu ikaja Chaussée d'Ixelles. Aliiteremka ile barabara yote bila kushika breki, katikati ya mabasi, kati ya wanawake wenye vigari vya watoto, mguu wa kushoto chini, cheche zikiruka kutoka kwenye raba, raba, si chuma, na mtu aliyemwona, Mkatanga mwenzao, alimwambia Sephora kwamba Dady alikuwa akicheka huku amelaza skuta kama mtu anayelala kwa ubavu kitandani. Fundi, Mkongo naye, alizikagua breki.

"Breki ni bonnes, ni nzima, madame," alisema. "Ni yeye hazifinyake."

Sephora alirudi nyumbani akiwa amechemka. Alificha ufunguo wa skuta ndani ya unga. Kesho yake skuta ilinguruma chini bila ufunguo, na alipochungulia dirishani Dady alikuwa ameipanda, shingo imekaza, na hakumtazama.

Alimgeukia baba yake. "Papa, siku moja tu watanipigia simu nikatambue maiti. Mulifanya nini na bwana yangu?"

"Hakuna kitu tulifanya."

Numbi, aliyekuwa amekuja kuazima dawa ya goti, aliinamisha kichwa. "Aliitikaka jina ya Mwenze," alisema kwa sauti ya chini. "Haina kosa yake. Angeambiwa."

Sephora hakupiga kelele. Alivaa koti, akaenda kumtafuta mumewe.

Kanisani mchungaji alimwekea Dady mikono kichwani na kunguruma kwa Kifaransa. Dady alinguruma zaidi, injini kamili, kooni mwake, na mchungaji akakumbuka kwamba ana mkutano. Ndipo Sephora akaenda kwa Maman Warda, mama mmoja kutoka mji wa Kasongo aliyekaa karibu na kituo cha treni cha Gare du Nord, anayejua majini kama wengine wanavyojua ratiba ya treni. Sephora alikuwa Mkristo, Warda Mwislamu, na hakuna aliyepoteza muda juu ya hilo.

"Hilo jini halikuingia kwa nguvu," Warda alisema. "Liliitwa. Nataka hao wanaoliita."

Jumapili iliyofuata, saa kumi na moja, giza la Desemba limeshabana madirisha, walikaa wote sebuleni. Dady aliletwa akiburuzwa na kuwekwa kwenye kiti cha nne. Warda aliwasha ubani. Ubani ulifuka, ukapanda, halafu moshi wake ukaanza kuzunguka juu ya meza, polepole, kwa kushoto, na harufu ya ubani ikazama ndani ya harufu ya nyonyo mpaka macho yakatoka machozi.

"Ita, kama unavyoitaga," Warda alimwambia Mukendi.

Mukendi aliita. Donatien aliitika kama mbuzi mgonjwa. Numbi aliitika. Alipofika kwa Mwenze taa ilififia, glasi mezani zikaanza kutetemeka kwa mtetemo wa injini inayosubiri, ngazi zikakwaruzwa kutoka chini kabisa, ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, chuma kikija bila haraka kama mwenye nyumba anayerudi kwake, na mlango haukufunguliwa ila baridi iliingia, na Dady akanyoosha mguu wa kushoto, akainua kichwa, na uso uliowatazama ulikuwa uso wa kijana ambaye watatu kati yao walimbeba na wakamzika.

"Niko," alisema.

"Unataka nini kwa mume wa watu?" Warda aliuliza.

"Bananiitaka kila dimanche, kila Jumapili." Sauti ilikuwa kavu, ya hasira ya muda mrefu. "Minakuja. Minasimama ku kamba. Bananikunywia bia. Kamba habainuake. Alors huyu akanipatia mwili."

"Uachie mwili. Sema unachotaka."

"Minataka kujua nani alishinda."

Sephora aliona baba yake akifumba macho. Maisha yake yote aliambiwa kwamba siku ile mashindano yalifutwa, kwamba Likasi yote ililia na kurudi nyumbani kwa miguu, hakuna aliyeshinda kwa heshima ya Mwenze.

"Hakuna mwenye alishinda," Mukendi alisema. "Ilifutwa."

Dady alianza kunguruma. Kiti kikasogea. Damu ikatoka puani kwake, nyembamba, na mguu wake ukakwaruza sakafu mpaka mbao zikatoa moshi.

"Papa," Sephora alisema. "Unadanganya maiti? Huyu ndiye bwana niko naye, sina mwingine. Sema, ama unaniua naye."

"Sema tu, Mukendi," Donatien alinong'ona. "Batu bote ba pale tuliona."

Mukendi alipiga meza kwa ngumi. Alikuwa na hasira na binti yake, na Donatien, na yule kijana asiyezeeka mbele yake.

"Balirudisha course, mashindano yenyewe," alisema. "Ile ile jioni. Damu yako haikukauka ku majivu. Kamisaa alisema ndiyo sheria, mwenye kuanguka anatoka, wengine banarudia. Tulirudia."

"Na nani alishinda?"

"Mimi."

Injini ilishuka. Uso ule ulimchunguza.

"Weye?"

"Mimi."

"Bon," alisema Mwenze. "Minazania ni Donatien."

"Na mimi ningeshinda," Donatien alisema, "kama bougie, plagi ya injini yangu, haikuloana."

"Nyamaza, papa," alisema Warda, akamfunika Dady kichwa kwa kitambaa cheupe na kusoma. Chuma kilikwaruza kutoka mlangoni kwenda chini, haraka safari hii, ghorofa ya pili, ya kwanza. Mlango wa barabarani ukajibamiza.

Dady aliangukia kifua cha Sephora. Mguu wake ulikuwa umevimba, lakini ulikuwa wake. Aliangalia damu kwenye shati, akauliza nani amempiga, halafu akauliza kama bukari imeisha.

Ndipo injini ilipowaka nje, kali, bila taa. Magari yote ya Koekelberg huzunguka basilika kwa kushoto, na ile sauti iliingia katikati yao, ikawapita mmoja mmoja, ikapotea nyuma ya kuba na kutokea upande wa pili.

"Amepata uwanja," Warda alisema akikunja kitambaa chake. "Humu harudi. Ila jina hilo lisitajwe tena katika nyumba hii, hata kwa wema."

Sephora aliwapa Donatien na Numbi makoti yao. Hakuwasindikiza. Alimpakulia mumewe chakula, akamlisha kwa mkono wake, tonge baada ya tonge, mpaka sahani ikabaki tupu.

Papa Mukendi alikuwa amesimama dirishani, fimbo mkononi, magoti yakimuuma. Kule chini yule kijana asiyezeeka alikuwa anapinda kona.

"Nilishinda mimi," mzee alikiambia kioo.

Pikipiki ilipita mbele ya jengo bila kupunguza mwendo.

"Nilishinda mimi," alirudia, taratibu, kama mtu anayemwelewesha mwenye kiburi, na nje mzunguko mwingine ukaanza.